Niliuhama Ukuta, Kelele Zikanifuata

Kwa miaka 6 kichwa cha kitanda chetu kiliegemea ukuta ambao nusu yake haikuwa yetu. Upande wa pili alilala mwalimu mstaafu na mkewe, na katika muda wote walioishi pale nilichokijua kuhusu usiku wao ni kikohozi tu: kikavu, mara mbili, kisha kimya. Nilikizoea kiasi kwamba usiku asipokohoa nilikuwa nikikisubiri.

Ile ilikuwa nyumba pacha, yaani nyumba mbili ubavu kwa ubavu chini ya paa moja, zikigawana ukuta wa katikati. Baadaye tulihamia nyumba ya kujitegemea, yenye kuta zake nne na uwazi pande zote, tukakaa miaka 4. Mwaka jana ikabidi tuchague tena, na mara hiyo nilikwenda kutazama nyumba nikiwa na tochi mfukoni na maswali ambayo mara ya kwanza yasingenijia hata kwa kulazimishwa. Nayaandika kwa ajili ya aliye njia panda sasa hivi, maana wengi wetu swali hili tunalijibu kwa moyo kabla ya kuiona nyumba yenyewe: ya peke yake ndiyo nyumba, pacha ni ya kujishikiza tu. Nami nilijibu hivyohivyo.

Ile pacha hatukuichagua kwa kuipenda. Kwa fedha tuliyokuwa nayo, ya kujitegemea tungeipata yenye vyumba pungufu. Hesabu ikaishia hapo.

Nianze na mwalimu, kwa sababu mazuri ya ukuta ule niliyaona kwake kabla sijayaona mabaya yake. Usiku mmoja mume wangu akiwa safarini niliteleza bafuni nikaangukia nyonga. Simu iko chumbani, watoto wamelala usingizi wa mawe. Nilivua kandambili nikaanza kugonga nayo ukutani, nikigonga nikitulia, nikigonga nikitulia. Haukupita muda nikasikia sauti yake dirishani: "Mama, kuna nini?" Mkewe ndiye aliyeninyanyua. Wanaosema fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwa wakifikiria nyumba, lakini kila nisikiapo msemo ule mimi huwaza kandambili na ukuta wa bafu.

Mwaka wa nne mwalimu na mkewe wakaenda kuishi na binti yao. Nyumba ikabaki mikononi mwa kijana wao, naye akaipangisha kwa vijana watatu. Hapo ndipo ukuta ulipogeuka.

Kwanza ulikuwa muziki. Wala haukuwa wimbo wa kusikika maneno, la; ilikuwa ile ngoma ya chini, dum, dum, inayoingia kwenye mbavu kabla ya kufika masikioni. Nikaenda kubisha hodi. Wale vijana, lazima niwatendee haki, walikuwa na adabu zao. "Samahani sana, mama, hatukujua kama inafika huko." Wakapunguza. Lakini nilipoanza kusikiliza, na mtu akishaanza kusikiliza hawezi tena kuacha, nikagundua kwamba nasikia kila kitu: kengele ya simu ya alfajiri, mtu akiongea na mchumba wake, kiti kikiburutwa. Jambo likanitatiza. Kwa mwalimu nilikuwa nasikia kikohozi tu. Ukuta ni uleule. Je, umepungua unene?

Jibu alinipa fundi umeme aliyekuja kwa shida nyingine kabisa. Soketi ya chumbani ilikuwa inatoa cheche. Alizima umeme, akafungua zile skrubu mbili, akaivuta soketi nje, kisha akaniita. "Mama, njoo uone." Ndani ya tundu, kulikokuwa na tofali siku zote akilini mwangu, kulikuwa na mwanga. Mwanga wa chumba cha vijana. Aliyeijenga nyumba ile alikata boksi la soketi yetu na boksi la soketi yao mahali pamoja, mgongo kwa mgongo, na kati yake hakuacha hata kipande cha chokaa. Tulikuwa na matundu ya namna hiyo manne kwenye ukuta mmoja. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nalala karibu na dirisha nisilolijua.

Wakati wa mwalimu upande ule wa matundu palikuwa na kabati lake kubwa la nguo. Vijana hawakuwa na kabati.

Niliposoma baadaye nikaelewa kwa nini kitundu kidogo kinaleta balaa kubwa hivyo. Sauti ni kama maji: haipimi ukubwa wa ukuta, inatafuta pa kupenyea. Ukuta wa mita za mraba 10 unaoweza kuzuia desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukitobolewa tundu moja la sentimita 10 kwa 10, kwa hesabu hushuka hadi takriban 30. Hiyo ni sehemu moja tu katika elfu ya ukuta mzima. Nawe ukumbuke kwamba kila desibeli 10 zikiongezeka sikio huona kelele imekuwa kama maradufu. Kwa hiyo unaweza kulipia ukuta mnene wa kifahari kisha fundi umeme akaumaliza asubuhi moja kwa patasi.

Ile ngoma ya chini nayo ilikuwa na njia yake. Kuna sauti inayosafiri hewani ikagonga ukuta na nyingi ikafia hapo, kama maongezi. Kuna nyingine inayoanzia kwenye jengo lenyewe: kisigino sakafuni, mlango ukibamizwa, spika iliyowekwa chini na kuegemezwa ukutani. Hii ya pili haihitaji tundu. Inapita ndani ya zege kama habari mbaya ndani ya ukoo. Nilirudi kwa vijana, safari hii bila manung'uniko, nikawaomba wasogeze spika mbali na ukuta na kuikalisha juu ya kipande cha godoro. Walicheka, wakafanya. Nusu ya mateso yangu ikaisha siku hiyohiyo, bila gharama. Miezi yote niliyonuna ningeweza kuitumia kuuliza spika imekaa wapi.

Matundu tuliyaziba. Fundi alihamisha soketi zetu sentimita kadhaa pembeni, akajaza mashimo ya zamani kwa chokaa, na pale ukuta ulipokutana na dari akapiga kalafati kama ya mashua. Hali ikawa afadhali, lakini bado maongezi yalikuwa yakija, na sasa yalikuwa yakitoka juu. Mume wangu akapanda darini na tochi. Alikaa huko kitambo, kisha nikasikia akicheka peke yake. Aliposhuka aliniambia ameliona tangi la maji la jirani, na beseni bovu, na viatu vya mtu.

Ukuta wa pamoja uliishia kwenye usawa wa dari. Kuanzia hapo kwenda juu, chini ya bati, lilikuwa ghala moja la nyumba mbili: kenchi zimepita moja kwa moja, hakuna kizuizi chochote. Yaani kati yetu na majirani, kwa juu, palikuwa na mbao mbili nyembamba za dari, yao na yetu. Sauti ndiyo iliyonikera, lakini usiku ule sikulala kwa sababu ya jambo jingine: moto. Moto ukianzia jikoni kwao ungepanda darini na kukuta njia nyeupe hadi juu ya vitanda vya watoto wangu. Ukuta wa nyumba pacha unatakiwa upande hadi ugusane na paa na kuzibwa pale juu. Na panya, ambao tulikuwa tukiwalaumu vijana kwa kuwafuga, walikuwa raia wa nyumba zote mbili.

Kupandisha ukuta ule kulihitaji mwenye nyumba ya pili akubali na achangie. Hapa ndipo nilipokutana na upande wa nyumba pacha usiozungumzwa na fundi yeyote. Nilimpigia simu kijana wa mwalimu. Alikubali kwa maneno matamu. Wiki zikapita. Halafu siku moja nikasikia nyundo: alikuwa amemleta fundi wake, si kupandisha ukuta, ila kuuchimba kwa upande wake apachike kabati la ndani. Kina cha tofali zima. Upande wetu plasta ikatoa ufa kutoka kwenye fremu ya mlango hadi darini, mrefu kama mjusi. Nilipomwendea aliniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Sasa mama, mimi siruhusiwi kutengeneza nyumba yangu?"

Na mimi sikuwa na la kumjibu, kwa sababu katika karatasi zetu za ununuzi ukuta haukutajwa popote. Kiwanja kilitajwa, mipaka ilitajwa, ukuta hapana. Sikujua kama ni wake nusu kwa nusu na mimi, kama kila mmoja anamiliki upande wake, au kama wote tunaumiliki wote. England na Wales zina sheria ya mwaka 1996 inayohusu kuta za pamoja, na chini yake anayetaka kuugusa ukuta huo humpa jirani taarifa ya maandishi miezi 2 kabla, na wakikosa kuelewana kuna utaratibu wa kuleta mpimaji wa kuamua. Nilipolijua hilo nilitamani tungekuwa hata na ukurasa mmoja wenye sahihi mbili, wa kusema nani atafanya nini ukuta, paa na gata vikidai matengenezo. Wakati wa mwalimu ukurasa huo tungeuandika kwa dakika kumi. Hatukuuandika kwa sababu tulikuwa tunaelewana. Ukiwa unaelewana na jirani ndipo kalamu hukaa mbali.

Mambo mengine ya pacha yalikuwa madogo, nayapita upesi. Gata lilikuwa moja, na mdomo wake wa kushukia maji ulikuwa upande wao, kwa hiyo majani yakiziba kwao maji yalifurika kwetu. Chemba ya maji machafu ilikuwa kwetu, kwa hiyo ya kwao yakikwama tulinusa sisi. Rangi, sitaki hata kuisimulia: walipaka nusu yao kijani, na nyumba ikawa kama mtu aliyetoka na viatu visivyofanana.

Tukauza. Nilipokabidhi funguo niliapa kwamba sitaishi tena na ukuta wa mtu.

Nyumba ya kujitegemea tuliyoinunua ilikuwa na kila nilichokiota. Niliizunguka siku ya kwanza mara tatu, mzunguko kamili, nikigusa kuta kama mtu anayenunua ng'ombe. Yangu, yangu, yangu, yangu. Usiku nilisikiliza: hakuna kikohozi, hakuna dum. Nikalala.

Alfajiri niliamshwa na mwanamke akimwambia mumewe kwamba amechoka kukodolewa macho na mama mkwe. Kila neno. Nilifikiri yuko chumbani kwetu.

Nyumba ya jirani ilisimama mita 3 hivi kutoka yetu, na dirisha la chumba chao lilitazamana na letu kama watu wawili mezani. Sisi tunalala dirisha wazi, nao vilevile. Hapa ndipo hesabu ilinipiga kofi la pili. Maongezi ya kawaida ukiwa mita 1 ni desibeli kama 60. Kwenye uwazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6 tu: mita 2 ni 54, mita 4 ni 48. Desibeli 48 zikiingia dirishani usiku, kwenye chumba tulivu cha desibeli 30 au pungufu, unasikia hadi mtu akimeza mate. Sasa chukua ukuta wa pamoja uliojengwa vizuri, unaozuia desibeli 45, ambacho ndicho kiwango England inachokidai kwa nyumba mpya zinazogawana ukuta. Maongezi yaleyale ya 60 yanafika kwako yakiwa 15, chini ya kimya cha chumba chenyewe. Huyasikii. Yule mwalimu na mkewe lazima walikuwa wakigombana kama watu wote. Kabati na tofali vilinificha.

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimenunua hewa nikidhani nimenunua kimya. Hewa haizuii kitu hadi iwe nyingi sana. Kinachozuia sauti ni uzito: ukuta mzito, uliojaa, uliopigwa plasta pande zote mbili, usio na tundu. Ukiuongezea uzito maradufu unapata desibeli 5 au 6 za ziada. Tofali lenye mashimo na lisilopigwa plasta huvujisha sauti kupitia vinyweleo vyake, na ndiyo maana plasta ya ukuta wa pamoja haifai kuonewa uchungu hata mahali pasipoonekana.

Usiri nao ulikuwa kinyume cha matarajio. Kwenye pacha, upande mzima wa nyumba ulikuwa hauna macho: ukuta mtupu. Kwenye ya kujitegemea tulizungukwa na madirisha ya watu pande tatu, nasi tukaishi na mapazia yaliyofungwa mchana kutwa. Tulilipia madirisha ya pande nne tukawa tunatumia ya upande mmoja. Ile njia ya upana wa mita 1 na nusu kati ya nyumba na uzio, iliyoonekana kwenye ramani kama uhuru, haikufaa kwa bustani wala kwa kukaa. Ilifaa kwa mbu na baiskeli mbovu.

Halafu kuta nne zina midomo minne. Nilikuja kupiga hesabu wakati wa kupaka rangi, na ningependa kila mnunuzi aipige mapema. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, ghorofa moja tu ya chini, kuta za mita 3 kwenda juu. Ikiwa inajitegemea, mzunguko ni mita 36, na kuta za nje ni mita za mraba 108 kabla ya kutoa milango na madirisha. Ikiwa ni pacha na upande wa mita 10 ndio wa pamoja, zinabaki mita 26, yaani mita za mraba 78. Tofauti ni mita za mraba 30, zaidi ya robo. Robo hiyo ni rangi, ni plasta, ni jua linalochoma au baridi inayopenya, ni mvua inayopiga, ni nyufa za kukagua. Pale penye baridi, upande wa pamoja haupotezi joto ikiwa jirani naye kapasha nyumba yake. Pale penye jua kali, ukuta wa pamoja ukiwa upande wa magharibi unakukinga na jua la alasiri, ambalo ndilo linaloufanya ukuta utoe joto hadi usiku wa manane. Chumba chetu kwenye nyumba ya kujitegemea kilikuwa magharibi. Tuliponunua hatukuuliza jua linazama wapi, kana kwamba lingetuombea radhi na kuzama kwingine.

Lakini nisije nikaonekana naiponda. Kuna raha ya nyumba ya kujitegemea ambayo pacha haitakupa hata ujenge ukuta wa ngome. Bati lilipotoboka tulilibadilisha Jumamosi hiyohiyo, bila kumpigia mtu simu. Mwanangu wa pili alipoanza kujifunza ngoma alipiga, akapiga, nami nilikuwa mwenye haki pekee ya kulalamika. Tuliongeza chumba nyuma kwa ajili ya mama yangu, na fundi alichimba msingi bila kuogopa kutikisa wa mwingine. Kwenye pacha, kuongeza chumba au ghorofa ni suala la watu wawili: uzito mpya unakaa karibu na msingi wa pamoja, nusu moja ikititia kuliko nyingine ufa unatokea katikati, na paa likiinuliwa upande mmoja maji hutafuta mahali pa kujificha kwenye maungio. Hewa pia. Nyumba yenye madirisha pande zote hupumua kwa urahisi. Pacha hupumua ikiwa tu madirisha ya mbele na ya nyuma yanaonana na hakuna aliyejenga ukuta wa stoo katikati ya njia ya upepo. Kwa mtu anayejua kwamba familia yake itaongezeka, au anayefanya kazi ya makelele nyumbani, au asiyeweza kabisa kungoja kibali cha jirani, sitamwambia aje kwenye pacha. Mume wangu ni mmoja wa hao. Hadi leo anasema miaka 4 ile ndiyo aliyoishi kama mtu mzima.

Mimi nakumbuka jambo jingine la miaka ile. Mama alipatwa na kizunguzungu usiku, na katika kuhangaika nikajikuta nimeshika kandambili, nimesimama mbele ya ukuta wa bafu. Upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na baiskeli mbovu.

Kazi ya mume wangu ilipohama, tukabakiwa na nyumba mbili za kuchagua. Moja ya kujitegemea, mpya, inang'aa, imebanwa na nyumba nyingine tatu za mtindo uleule. Ukinyoosha mikono kwenye ile njia ya pembeni unagusa ukuta wako na uzio. Ya pili pacha, ya zamani kidogo, rangi imepauka. Tulipofika kwenye ya kwanza nilifungua dirisha la chumba nikakaa kimya dakika tano. Dalali alidhani nasali. Nilisikia televisheni ya jirani, nikasikia pampu ya maji ya jirani wa nyuma ikiwaka na kuzima, nikafunga dirisha.

Kwenye pacha nilimwomba mwenye nyumba, mzee wa makamo aliyekuwa mpole kuliko dalali wake, aniruhusu kufanya vituko kidogo. "Shikamoo baba, nina maswali ya ajabuajabu." "Marahaba, mwanangu. Uliza tu, nyumba haina aibu." Mume wangu akazunguka upande wa pili, kwa ruhusa ya jirani aliyekuwa nje, akaongea kwa sauti ya kawaida kila chumba huku mimi nimebandika sikio ukutani. Kisha nikamwomba apige hatua na kufunga mlango kwa nguvu, kwa sababu maongezi peke yake hayakuambii habari za visigino. Hatua nilizisikia, kwa mbali. Mlango niliusikia vizuri. Huo ni mlango, hautanyamazishwa na ukuta wowote. Maongezi hapana. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona, nikisikiliza mahali panapojibu kama debe tupu. Nikatazama soketi: za upande ule zote zilikuwa kwenye kuta nyingine, hakuna hata moja iliyochimbwa kwenye ukuta wa pamoja. Nani aliyekuwa na akili hiyo, nikauliza. Mzee akasema fundi alikuwa ndugu yake, na walijenga nusu mbili wakijua kwamba wao wawili ndio watakaokaa humo.

Nikauliza gata linamwaga wapi. Nikauliza chemba iko kwa nani. Nikauliza kama kuna karatasi. Mzee akaingia ndani akatoka na bahasha: makubaliano ya kurasa mbili kati yake na ndugu yake, yakihusu ukuta, paa na maji, na sahihi za mashahidi. Wino ulikuwa umefifia. Mume wangu aliiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akajua ameshindwa.

Kilichobaki kilikuwa darini. Dalali alijaribu kunizuia, akasema huko kuna vumbi, tena mama hajavaa nguo za kazi. Mzee akaleta ngazi mwenyewe. Nikapanda, nikasukuma kile kibao, nikawasha tochi. Ukuta ulikuwa pale. Ulipanda kutoka chini ya miguu yangu, tofali juu ya tofali, ukapita katikati ya kenchi hadi juu kabisa, na pale ulipokutana na paa mtu alikuwa ameziba kwa chokaa kwa mikono yake. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana.

Nikashuka, nikajipangusa vumbi. "Ndugu yako bado anakaa upande wa pili?" nikauliza.

"Alifariki," mzee akasema. "Sasa anakaa mkwe wake na watoto. Yule aliyekuwa amesimama nje."

Nikamwachia mume wangu tochi, nikazunguka nyumba, nikaenda kubisha hodi.